Umemaliza Falsafa, Sasa Unaenda Wapi? Somo kutoka Matendo ya Mitume 16–18



Leo naongea zaidi na wale waliomaliza falsafa au wanaomaliza mwaka huu: mafrateri wenzangu wa seminari kuu, watawa, na ninyi walei mliosoma falsafa vyuo vikuu. Lakini kama wewe umesoma uhasibu au kilimo na barua ya ajira haijaja mpaka leo, usifunge ukurasa. Somo ni lako pia.

Kila aliyesoma falsafa ameshakutana na lile swali. Shangazi anakuuliza msibani mbele ya watu, "Mwanangu, hiyo falsafa ukimaliza unakuwa nani?" Sisi mafrateri huwa tunaponea kwenye jibu la haraka: "Nakwenda teolojia, shangazi." Watu wanaitikia, mambo yanaisha. Ila kuna wengine jibu hilo hawana, na kuna wengine wanalo mdomoni lakini moyoni halipo. Nataka tuzungumze nao hao wote leo.

Chukua Biblia yako, fungua Matendo ya Mitume sura ya 16, 17 na 18. Zisome zote tatu kwa mfululizo, utatumia kama dakika ishirini tu. Mimi nilizoea kuzisikia vipande vipande katika masomo ya Misa za kipindi cha Pasaka. Nilipozisoma pamoja niliona ni safari moja, na inafanana sana na ya kwetu.

1. Hali ilivyo

Tuanze na ukweli. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 250, inataka masomo ya seminari kuu yachukue walau miaka sita kamili, miwili ya falsafa na minne ya teolojia. Sehemu nyingi falsafa inachukua miaka mitatu ili kijana atoke na shahada. Mwongozo wa Kanisa lote kuhusu malezi ya mapadre, uliotolewa mwaka 2016, unakiita kipindi hiki cha falsafa hatua ya ufuasi. Maana yake, pamoja na mantiki, metafizikia na historia ya falsafa, kuna swali moja linaendelea chini kwa chini miaka yote: je, huyu kijana anataka kweli kumfuata Yesu, na kwa njia hii?

Ndiyo maana mwisho wa falsafa ni njia panda. Wengine wanaendelea na teolojia Segerea, Kipalapala au Peramiho. Wengine wanaomba kupumzika kwanza. Wengine wanaambiwa na walezi kwamba malezi yao ya upadre yanaishia hapo.

Mwenzangu mmoja aliambiwa hivyo mwezi wa sita. Hakwenda kwao moja kwa moja, alikaa kwanza kwa dada yake mjini. Kule kijijini jumuiya ilimchangia nauli kila likizo, na kanzu yake ya kwanza alinunuliwa na akina mama wa parokia. Aliniambia kwa simu, "Frateri, njaa siiogopi. Naiogopa Jumapili ya kwanza." Jumapili ya kwanza, yaani ile atakayoingia kanisani na shati la kawaida, akae kwenye benchi, na kanisa zima ligeuke kumwangalia.

Mwingine yeye anaendelea. Tulikuwa tunafunga mizigo bwenini, akaniambia taratibu, "Mimi nikitoka hapa nitafanya nini na falsafa? Bora niende tu mbele."

Hawa wawili wamesimama pande mbili tofauti, lakini nadhani wanasumbuliwa na kitu kimoja, hofu. Mmoja anaogopa macho ya watu, mwingine anaogopa mtaa. Na hofu, jamani, ni mshauri mbaya wa wito. Inaweza kumtoa mtu mahali alipotakiwa abaki, na inaweza kumbakiza mtu mahali alipotakiwa aondoke.

2. Mdo 16: Milango inapofungwa

Sasa mtazame Paulo. Huyu alikuwa msomi, alifundishwa na Gamalieli (Mdo 22:3). Ana mpango mzuri kabisa, anataka kuhubiri katika mkoa wa Asia, yaani upande wa magharibi wa Uturuki ya leo. Roho Mtakatifu anamzuia. Anageukia kaskazini, Bithunia. Anazuiwa tena. Anabaki anateremka mpaka Troa, mji wa bandari, mbele yake bahari. (Mdo 16:6-8)

Angalia mambo matatu hapa.

Kwanza, alichotaka Paulo hakikuwa dhambi. Alitaka kuhubiri! Kwa hiyo mlango ukifungwa usikimbilie kusema Mungu amekukasirikia, au kwamba ulijidanganya miaka yote. Kuna mambo mema ambayo kwa sasa si yako. Na nasema kwa sasa kwa makusudi, maana ukienda sura ya 19 utamkuta Paulo yuko Efeso, mji mkubwa wa mkoa uleule wa Asia, anafundisha kwa miaka miwili mpaka watu wa mkoa mzima wanalisikia Neno. Mlango uliofungwa katika sura ya 16 ulifunguka katika sura ya 19.

Pili, Luka hatuambii Paulo alizuiwa kwa njia gani. Labda ugonjwa, labda njia mbaya, labda sauti ndani ya sala. Hatuambiwi. Sisi pia mara nyingi tunazuiwa kwa vitu vya kawaida tu: ripoti ya walezi, afya, ada, baba kufariki. Roho Mtakatifu haoni aibu kupitia humo.

Tatu, na hili nimelipenda sana. Usiku Paulo anaona katika maono mtu wa Makedonia akimwomba avuke aje awasaidie. Mpaka hapo Luka alikuwa anasimulia akisema "wao". Kuanzia mstari wa 10 anaanza kusema "sisi". Maono aliyaona mmoja, uamuzi wakaufikia pamoja. Ndugu yangu, usiamue peke yako usiku wa manane huku simu iko mkononi. Mtafute mlezi wako wa kiroho, mtafute padre anayekufahamu, mtafute rafiki mmoja asiyeogopa kukuambia ukweli. Hakuna wito unaopimwa na mtu mmoja.

Na usidhani njia sahihi ni njia laini. Walivuka hadi Filipi wakitafuta yule mtu wa Makedonia. Aliyewapokea wa kwanza ni mwanamke, Lidia, mfanyabiashara wa nguo za zambarau. Baada yake vikafuata viboko na gereza. Wote hao walikuwa njia sahihi.

Mtakatifu aliyenyimwa kazi

Kama unataka mtakatifu wa kumwomba katika kipindi hiki, nakupa Edith Stein. Alizaliwa mwaka 1891 huko Breslau katika familia ya Kiyahudi. Akiwa kijana aliacha kusali. Akasoma falsafa chini ya Edmund Husserl, mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa karne ile, na mwaka 1916 akapata shahada ya uzamivu kwa alama za juu kabisa. Mpango wake ulikuwa mmoja tu, kufundisha falsafa chuo kikuu. Akakataliwa. Sababu kubwa ilikuwa moja: ni mwanamke.

Mwaka 1922 alibatizwa. Alitaka kuingia utawa wa Karmeli mara moja, lakini washauri wake wa kiroho wakamwambia asubiri. Kwa hiyo chuo kikuu hapana, na Karmeli bado. Akaenda Speyer kufundisha wasichana katika shule ya masista Wadominiko, akakaa huko miaka kama minane. Daktari wa falsafa anasahihisha madaftari ya wasichana! Lakini ni katika miaka hiyo alijifunza kusali, akatafsiri maandishi ya Mtakatifu Thomas wa Akwino kwa Kijerumani, na akagundua kwamba kusoma pia kunaweza kuwa ibada.

Mwaka 1932 akapata nafasi ya kufundisha Münster. Mwaka uliofuata utawala wa Hitler ukaifunga kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Ndipo, Oktoba 1933, akaingia Karmeli huko Köln, akiwa na umri wa miaka 42. Akapewa jina Teresia Benedikta wa Msalaba. Aliuawa Auschwitz mwaka 1942, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 1998.

Wakati wewe unahesabu kwamba una miaka 26 na "umechelewa", mkumbuke huyu dada.

3. Mdo 17: Falsafa inafika sokoni

Turudi kwa Paulo. Kutoka Filipi anakwenda Thesalonike, anafukuzwa. Anakwenda Berea, fujo zinamfuata. Wanamsafirisha hadi Athene, anakaa pale akiwasubiri Sila na Timoteo. Yaani Athene, mji wa Sokrate na Plato, hakuuendea kwa mpango. Alikuwa anasubiri wenzake tu.

Na katika kusubiri huko ndipo anakutana na wanafalsafa. Waepikuro walifundisha kwamba lengo la maisha ni raha, kwa maana ya utulivu usio na maumivu wala wasiwasi, na kwamba miungu haijishughulishi na sisi. Wastoiki walifundisha kuishi kwa kufuata akili inayoongoza ulimwengu wote, bila kuyumbishwa na furaha wala msiba. Paulo hakuwakimbia. Tazama alivyofanya: alitembea mjini, akaangalia madhabahu zao, akakuta ile ya mungu asiyejulikana, akaanzia hapo. Hata mashairi yao aliyajua. Maneno anayoyataja katika mstari wa 28 yamo katika utenzi wa Arato, mshairi aliyetoka Kilikia, nyumbani kwao Paulo mwenyewe.

Hii ndiyo kazi uliyofundishwa, ndugu yangu. Kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kujibu. Kuuliza "neno hili unalitumia kwa maana gani?" Kutofautisha mtu na hoja yake. Kuona pale ambapo hitimisho halitokani na yaliyotangulia. Tulipokuwa darasani tuliona ni mtihani wa mantiki tu. Sasa nenda kijiweni ukasikilize. Huyu anauza maji ya upako na kusema aliyepona ni kwa sababu ya maji, asiyepona ni kwa sababu ya imani haba. Mantiki ya mwaka wa kwanza inatosha kuona kwamba dai hilo limejengwa lisiweze kukosea kamwe. Yule anabeti kila siku akiamini kwamba ameliwa mara nyingi, kwa hiyo leo ni zamu yake. Kijana mwingine ameacha kusali kwa sababu mdogo wake alifariki, na kila anayemwendea anampa mstari wa Biblia badala ya kumsikiliza. Hawa wote wanahitaji mtu aliyezoea kufikiri bila kuwacheka.

Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye mwenyewe alifundisha falsafa Lublin kabla ya kuwa Papa, aliandika mwaka 1998 waraka mzima, Fides et Ratio, kueleza kwamba imani na akili zinahitajiana. Basi usiiache falsafa yako maktaba. VIWAWA wanaihitaji, TYCS wanaihitaji, jumuiya yako inaihitaji.

Ila uwe na matarajio ya kweli. Athene Paulo alitoa hotuba nzuri sana. Wengine wakamcheka, wengine wakasema watamsikiliza siku nyingine, na wachache wakaamini, Dionisio na mwanamke aitwaye Damari wakiwemo. Wachache. Hata hivyo Luka aliona majina yao yanastahili kuandikwa.

4. Mdo 18: Kushona mahema

Baada ya Athene, sura inayofuata inaanza na nini? Na kazi ya mikono. Paulo anafika Korintho, anawakuta Akula na Priskila, mume na mke walioondoka Roma kwa sababu Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi. Wao ni mafundi wa mahema, na yeye ni fundi wa mahema. Anakaa kwao, wanafanya kazi pamoja, na Sabato anakwenda kujadiliana na watu katika sinagogi. (Mdo 18:1-4)

Mtu yule aliyesimama mbele ya wasomi wa Areopago, sasa ana sindano mkononi. Hakuona kwamba elimu yake imedharauliwa.

Kwa hiyo tuongee mahema. Shahada ya falsafa peke yake hapa kwetu haikupi ajira kirahisi, tusidanganyane. Matangazo mengi ya kazi yanataja fani, na falsafa mara nyingi haimo. Sekondari zetu hazina somo la falsafa, kwa hiyo hata ukitaka ualimu utaulizwa una somo gani la kufundishia. Basi fanya haya mapema:

- Kama shahada yako imetolewa na chuo cha nje (seminari zetu kadhaa zimeunganishwa na Chuo Kikuu cha Kipapa cha Urbaniana, Roma), ipeleke TCU itambuliwe. Usingoje mpaka siku ya usaili.
- Kama unavutwa na ualimu, ulizia stashahada ya uzamili ya ualimu, na uulize kabla ya kulipa ada ni masomo gani utaruhusiwa kufundisha.
- Sheria, uandishi wa habari, ustawi wa jamii, uhariri wa vitabu, kazi za Caritas na mashirika: kote huko mtu anayejua kusoma maandishi magumu na kuandika kwa mpangilio ana mahali pake. Lakini atahitaji kuongeza cheti au uzoefu juu yake. Anza hata kwa kujitolea.
- Jifunze kazi moja ya mikono. Nyuki, bustani, umeme, ushonaji. Seminarini tulilima, tulifuga, tulichomelea vitanda. Hizo hazikuwa adhabu, zilikuwa mahema yetu.

Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na shahada yake ya M.A., falsafa ya maadili ikiwa mojawapo ya masomo aliyosoma huko. Akaenda kufundisha vijana Pugu. Tunamwita Mwalimu mpaka leo kwa sababu ya kazi ile, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko vyeo vyake.

5. Neno kwa kila mmoja

*Kwa frateri anayeendelea.* Jiulize swali hili mbele ya Ekaristi: kama kesho ungepewa kazi nzuri na mshahara mzuri, bado ungetaka upadre? Kama jibu ni ndiyo, nenda kwa amani hata kama unatetemeka. Kama jibu ni hapana, mwambie mlezi wako wa kiroho wiki hii. Waumini wana haki ya kupata padre aliyechagua altare, siyo aliyekosa mahali pengine pa kwenda. Na kama hujui, sema hujui. Mtakatifu Ignasi wa Loyola katika Mazoezi ya Kiroho anatushauri kwamba wakati wa ukavu na giza tusibadilishe uamuzi tuliofanya wakati wa mwanga. Subiri giza lipite, huku ukisali zaidi.

*Kwa unayetoka.* Neno seminari linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitalu cha miche. Anayelima kahawa anajua, miche ya kitalu kimoja haiendi shamba moja. Kuna inayopandwa mbali, na inazaa. Miaka yako haikupotea. Ila usijifiche. Waambie wazazi wako mwenyewe, kabla hawajaambiwa na mtu mwingine. Msalimie paroko. Na hiyo Jumapili ya kwanza, nenda. Kaa kwenye benchi, imba, pokea Komunyo. Yule mwenzangu alikwenda. Aliniambia watu waligeuka kweli, na bibi mmoja wa jumuiya yao akamshika mkono wakati wa amani, hakuuachia mpaka Mwanakondoo wa Mungu ikaanza.

*Kwa mlei uliyesoma falsafa.* Wewe huna kanzu ya kukufichia swali la shangazi. Pole, na pia hongera. Kanisa linahitaji baba, mama, mwandishi, diwani na mfanyabiashara anayejua kwa nini jambo fulani ni jema na si tu kwamba linaruhusiwa.

*Kwa wazazi na wanajumuiya mnaotusoma.* Frateri akirudi nyumbani, tusimwulize "ulifanya nini?" Tumwulize "umekula?" Maelezo atatoa mwenyewe siku yake ikifika. Ule mchango wa nauli tulimtolea Mungu, hatukumkopesha kijana.

Maswali ya tafakari

1. Ni mlango gani umefungwa kwangu mwaka huu? Nimeshamweleza Mungu hasira yangu juu yake, au namficha?
2. Katika mpango nilionao sasa, ni sehemu gani imetokana na upendo na ni sehemu gani imetokana na hofu?
3. Nani ni "sisi" wangu? Nitaje watu wawili ninaoweza kuamua nao.
4. "Hema" langu ni lipi? Juma hili nitapiga hatua gani moja kulishona?

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyemzuia Paulo njiani ili umfikishe mahali asipopajua, tunakuletea vijana wote wanaohitimu. Wanaoendelea uwape nia safi. Wanaorudi nyumbani uwatangulie mlangoni. Wasio na kazi uwape kazi ya halali, na mikono isiyoona aibu kuishika. Tufundishe kufikiri vizuri na kupenda zaidi ya tunavyofikiri. Mtakatifu Teresia Benedikta wa Msalaba, utuombee. Amina.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaendelea na Mdo 19, pale Efeso mlango unapofunguka. Nikumbuke katika sala zako nami nakukumbuka. Mungu akubariki.